Yoga ya joto: cha kuvumilia na cha kuacha

Darasa la yoga ya joto likiisha, malalamiko mlangoni huwa yale yale: nyuma ya paja kunavuta, kichwa chepesi, goti halijakaa sawa, vidole vimekufa ganzi. Na swali ni lile lile: "Mwalimu, hii ni kawaida?" Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili imeanza sababu inayotokea mara nyingi, halafu zile za nadra, na mahali pa kuacha mazoezi na kumwona mtaalamu pametajwa waziwazi.

Hasa nazungumzia ule mfululizo wa mikao 26 na mazoezi 2 ya pumzi, dakika 90, kwenye chumba cha nyuzijoto 40 hivi na unyevu wa asilimia 40. Aliyeusambaza ni Bikram Choudhury, mzaliwa wa Kolkata, India, aliyehamia Marekani miaka ya 1970. Baada ya kuandamwa na kesi za unyanyasaji wa kijinsia, studio nyingi zimeliondoa jina lake na kuuita "26 na 2". Ukifanya mtindo mwingine wenye joto la chini kidogo, karibu yote yaliyomo humu bado yanakuhusu.

Kwa nini ni vigumu kutofautisha

Joto hukudanganya pande mbili. Misuli na kano zikipata moto huvutika zaidi, na ile hisia ambayo kwenye chumba cha kawaida ingekusimamisha huja ikiwa imechelewa, au haiji kabisa hadi kesho yake asubuhi. Wakati huohuo moyo unakwenda mbio, jasho linaingia machoni, pumzi inakatika, na akili inapiga kelele kwamba unakufa wakati hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo chumbani mwili hulalamika sana kwa visivyodhuru na kukaa kimya kwa vinavyodhuru. Ndiyo maana ushauri wa "sikiliza mwili wako" hautoshi. Lazima uuhoji.

Uhoji hivi. Legeza mkao kwa robo, usiuache, kisha vuta pumzi mbili taratibu kwa pua. Ugumu wa kawaida hupungua palepale, nawe unaweza kuendelea kupumua vizuri. Maumivu hubaki, au huondoka na kurudi mahali palepale ukikaza tena. Halafu jaribu kuonyesha panapouma. Ugumu utauonyesha kwa kiganja kizima: paja lote, bega lote, mgongo mzima. Maumivu utayaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, mara nyingi karibu na kiungo au pale msuli unaposhikana na mfupa. Hisia ya kuchoma kama sindano, ya shoti ya umeme, ya kitu kukwama au kukatika haina mjadala. Toka kwenye mkao.

Pumzi nayo ni shahidi mzuri. Ukiona umeibana na taya zimekaza, umeshapita mpaka, hata kama hakuna panapouma.

Kizunguzungu, kichefuchefu, kuona giza

Sababu ya kawaida kuliko zote ni damu kushuka. Kwenye joto mishipa ya ngozini hupanuka ili mwili upoe, damu nyingi hukaa huko na miguuni, na ukiinuka ghafla ubongo hupata pungufu kwa sekunde chache. Ndiyo maana watu huyumba wanapoinuka kutoka kuinama mbele, na zaidi baada ya mkao wa ngamia, ule wa kupiga magoti na kukunja mgongo nyuma. Ngamia huwaletea wengi moyo kwenda mbio, kichefuchefu, hata machozi yasiyo na sababu. Likiondoka ndani ya dakika moja ukiwa umelala chali, ni la kuvumilia.

Angalia kwanza vitu rahisi. Umekula lini? Tumbo lililojaa wali wa saa moja iliyopita ni tatizo, na tumbo lisilo na kitu tangu jana ni tatizo vilevile. Umekunywa maji tangu asubuhi, au umegugumia lita nzima mlangoni? Jana usiku ulikunywa pombe? Umetoa damu wiki hii? Una homa au tumbo la kuharisha? Ukijibu ndiyo kwa mojawapo ya haya matatu ya mwisho, leo lala.

Sababu ya pili ni ugeni wa joto. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili za kukutana na joto mara kwa mara ndipo uanze kutoa jasho mapema na kwa wingi unaofaa. Mtu aliyekulia Njombe au Limuru asishangae kulemewa kuliko mwenzake wa Tanga. Lakini na watu wa pwani wasijidanganye. Joto la Februari la Dar es Salaam au Mombasa lina upepo wa baharini wa kukausha jasho, na chumba cha yoga kimefungwa milango. Jasho linalodondoka kwenye mkeka halikupoezi, linalopoza ni lile linalokauka ngozini. Ukiona mkeka umekuwa dimbwi usilichukulie kuwa ushahidi wa kazi nzuri.

Sababu ya tatu ni dawa. Za presha, hasa zile za kukojoza, hupunguza maji na kushusha msukumo wa damu. Baadhi ya dawa za mzio na za magonjwa ya akili hupunguza jasho. Anayejidunga insulini ajue kwamba joto huiharakisha kuingia kwenye damu, kwa hiyo sukari inaweza kushuka katikati ya darasa. Awe na kitu kitamu pembeni ya mkeka na amweleze mwalimu kabla ya kuanza.

Kuhusu mfungo wa Ramadhani: kufanya darasa la joto ukiwa umefunga si uvumilivu, ni kuutafutia mwili matatizo. Fanya yoga ya chumba cha kawaida, au usubiri hadi baada ya futari, chakula kikiwa kimeshuka na umekunywa vya kutosha.

La kufanya kizunguzungu kikija: keti, kisha lala chali, ikibidi miguu iwe juu. Usikimbilie mlango, maana wengi huanguka hapo, kati ya mkeka na kitasa. Kikiwa hakijaisha baada ya dakika tano, toka nje ukiwa na mtu, kaa penye upepo, kunywa kidogokidogo. Darasa limekwisha kwako siku hiyo, hata ukijisikia vizuri baadaye.

ACHA NA UITE MSAADA WA DHARURA ikiwa mtu anaongea ovyo, haelewi yuko wapi, anapepesuka kama mlevi, anatapika mfululizo, ametetemeka kwa degedege au amezirai na hazinduki haraka. Hicho kinaweza kuwa kiharusi cha joto, yaani joto la ndani ya mwili limefika nyuzi 40 au zaidi na ubongo umeanza kuathirika. Usingoje kuona ngozi imekauka. Aliyekuwa akifanya mazoezi anaweza kuwa bado anavuja jasho. Mtoeni chumbani, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji baridi mwili mzima huku mkimpepea, barafu au vitambaa vya maji baridi viwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena. Msimnyweshe chochote kama hajitambui sawasawa. Kumpoza kuanze palepale, kusisubiri gari.

Nyuma ya paja kunavuta

Hapa ndipo wanafunzi wazuri huumia kuliko wabaya. Mgeni asiyefikia hata vidole vya miguu ana breki za asili. Anayeumia ni yule laini, anayelala juu ya miguu yake kama kisu cha kukunja na bado anataka zaidi.

Ukivutwa katikati ya paja, pande zote mbili, na hali ikaisha ukiinuka, ni kawaida. Endelea.

Ukivutwa juu kabisa, pale kwenye mfupa wa kukalia, chini ya tako, na zaidi upande mmoja, si kawaida. Hapo kano za misuli ya nyuma ya paja ndipo zinaposhika mfupa, na kila unapoinama na magoti yamenyooka zinabanwa kwenye mfupa huo. Hakiki nyumbani: bonyeza mahali hapo kwa kidole. Keti kwenye kiti kigumu, benchi la kanisani au siti ya daladala, kwa nusu saa. Panda ngazi au kilima. Kama vyote vitatu vinaamsha maumivu palepale, umepata jibu, na jibu hilo haliwapendezi watu: kunyoosha zaidi ndiko kunakoliendeleza. Joto hulifanya lisisikike darasani, nawe unaondoka ukidhani limepona, kisha kesho kwenye kiti linarudi.

Matengenezo ni haya. Kunja magoti kwenye kila mkao wa kuinama mbele, bila kuona aibu, kwa wiki kadhaa. Acha kuvuta visigino kwa mikono. Badala yake jenga nguvu: lala chali, kunja magoti, inua nyonga na ukae juu sekunde chache, kwa utaratibu wa kila siku mbili, ukiongeza mzigo taratibu mradi maumivu hayazidi siku inayofuata. Kano hazina haraka. Hesabu miezi. Likikaa wiki sita bila nafuu, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Ukisikia "pwa!" nyuma ya paja, ukashindwa kukanyaga sawasawa, na baadaye pakawa na weusi unaoshuka kuelekea gotini, acha kila kitu na uende hospitali siku hiyo. Kano inaweza kuwa imeng'oka, na nyingine hutengenezwa kwa upasuaji usiopaswa kucheleweshwa.

Goti

Katika 26 na 2 mwalimu husema maneno karibu yaleyale kila darasa, na neno linalorudiwa sana ni "funga goti". Maneno hayo yametungwa kwa ajili ya kila mtu, hayajakuona wewe. Mwenye viungo laini akisikia "funga" husukuma goti nyuma hadi mguu unapinda kama upinde, uzito wote unaangukia mishipi (nyuzi zinazoshikanisha mifupa) ya nyuma ya goti, na paja halifanyi kazi hata kidogo.

Maumivu nyuma ya goti kwenye mikao ya kusimama mguu mmoja, basi, chanzo chake cha kwanza ni hicho. Jikague kwenye kioo ukiwa umesimama upande. Gusa paja lako juu ya goti: likiwa tepetepe, hujafunga chochote, umening'inia tu. Rudisha goti mbele kidogo, hamisha uzito kutoka kisiginoni uenee hadi kwenye vidole, kaza paja mpaka kifuniko cha goti kipande juu. Mguu utatetemeka na taulo chini ya wayo litajikunja. Kutetemeka huko ndiko ugumu unaotakiwa.

Maumivu ndani au nje ya goti, kwa kidole kimoja, hutokea kwenye mikao ya wayo juu ya paja na ile ya kukaa katikati ya visigino. Mara nyingi nyonga imekataa kuzunguka, na goti linalazimishwa kufanya kazi ambayo si yake. Usisukume goti chini kwa mkono, hata mwalimu akija kukusaidia. Mwambie: "Samahani mwalimu, hapa pananiuma." Kwenye visigino kalia tofali la yoga au taulo lililokunjwa. Mkao wa kuchuchumaa kwenye vidole vya mguu mmoja uache kabisa mpaka goti linyamaze. Hukosi kitu.

Maumivu mbele, chini ya kifuniko, hutoka zaidi kwenye kupiga magoti. Weka taulo mara mbili.

Mwone daktari kama goti limevimba ndani ya saa chache, linakwama halinyooki, au linakuachia ghafla ukitembea.

Kiuno

Ugumu wa kiuno baada ya mikao ya kukunja mgongo nyuma ni jambo la karibu kila mtu. Sababu yake ya kawaida ni kukunjia sehemu moja. Tazama mtu akifanya swila, ule mkao wa kulala kifudifudi na kuinua kifua, au ngamia: mgongo wa juu umenyooka kama ubao na kiuno kimekatika kama bawaba. Tengeneza kwa kuinua kifua kwanza, kukaza makalio, na kwenda nyuma nusu tu ya pale ulipokuwa ukifika. Kiuno kikihisi mbano ulioenea unaoisha ukijikunja kwa kukumbatia magoti, endelea.

Sababu ya pili ni kinyume chake: kuinama mbele magoti yamenyooka na mgongo umekunjamana, huku mikono ikivuta kwa nguvu. Hapo mzigo unaingia kwenye diski, vile vijimto vilivyo kati ya mifupa ya uti wa mgongo. Dalili yake huja baadaye, asubuhi, ukiinama kunawa uso au ukikohoa. Ikitokea hivyo, ondoa mikao yote ya kuinama kwa muda, tembea kila siku, usilale kitandani kutwa.

Maumivu yanayoshuka takoni hadi chini ya goti, pamoja na ganzi au udhaifu wa mguu, yanahitaji daktari wiki hiyo. Ganzi kwenye sehemu za siri na mapaja ya ndani, au kushindwa kukojoa au kuzuia haja, ni dharura ya siku ileile, hata kama ni usiku wa manane.

Ganzi na kuchomachoma

Vidole vya mikono na midomo vikichomachoma wakati wa mazoezi ya pumzi mwanzoni au mwishoni, umepumua kwa kasi mno na kutoa hewa ukaa kupita kiasi. Punguza kasi, funga mdomo. Huisha dakika chache.

Mikono ikifa ganzi ikiwa juu kichwani, ishushe, ing'ung'ute, rudi. Ikijirudia upande mmoja tu kila darasa, tatizo linaweza kuwa shingoni au begani, na hapo mtaalamu aangalie.

Miguu ikifa ganzi kwa kukaliwa ni jambo tunalolijua tangu madrasa. Lakini nje ya goti, chini kidogo, kuna neva inayopita karibu na ngozi, na kukalia visigino muda mrefu huibana. Mwaka 1971 nchini Marekani liliripotiwa tukio la mtu aliyekaa hivyo kwa saa nyingi akashindwa kuinua wayo. Darasani hukai saa nyingi, ila kanuni ni moja: ganzi ikitokea, toka, usihesabu hadi mwalimu aseme. Wayo unaoburuta baada ya darasa unahitaji daktari.

Misuli kukaza

Nyayo hukaza kwenye ngamia, nyuma ya paja kwenye mikao ya kulala kifudifudi. Sababu kuu ni uchovu wa msuli usiozoea. Nyoosha taratibu, kanda, endelea. Ukikaza sehemu nyingi kwa darasa moja, fikiria chumvi. Jasho hutoa maji na chumvi pamoja, na maji matupu hurudisha kimoja tu. Pakiti ya ORS inatosha. Ukikosa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Madafu ni matamu na yana potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo yasiwe dawa pekee.

Kichwa kuuma baada ya darasa

Wengi wamepungukiwa maji. Jipime uzito kabla na baada: kilo moja iliyopotea ni takriban lita moja ya maji. Ukiona uzito umeongezeka, umekunywa kupita kiasi, na hapo kuongeza maji ni kuharibu. Kichwa kikiuma pamoja na vidole vilivyovimba, kutapika na kuchanganyikiwa baada ya kunywa maji mengi, chumvi ya damu inaweza kuwa imeshuka. Nenda hospitali.

Kichwa au shingo ikiuma ghafla, vibaya kuliko ulivyowahi kusikia, hasa baada ya kukunja shingo kwa nguvu, pamoja na kuona vitu viwili, ulimi mzito au uso kupinda, ni dharura. Ni nadra, lakini haingoji kesho.

Maumivu ya kesho na keshokutwa

Misuli inayouma pande zote mbili, ikianza kesho yake na kuisha ndani ya siku tatu hivi, inayopata nafuu ukitembea, ni ya kawaida. Nenda darasani kwa nusu ya nguvu, au pumzika. Inayouma upande mmoja, mahali pamoja, na kuzidi kila darasa, si ya kawaida: rudia kusoma sehemu zilizotangulia.

Tazama mkojo. Ukiwa wa njano iliyokolea, kunywa. Ukiwa wa kahawia kama chai ya rangi, na misuli imevimba au imelegea kupita kawaida, huenda misuli inavunjika, na mabaki yake yanaweza kudhuru figo. Hospitali, siku hiyo.

Wasioingia kabisa, na wasioingia bila ruhusa ya daktari

Mjamzito asiingie kabisa chumba cha joto. Yoga ya kawaida inamfaa. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa, figo au kifafa aongee na daktari wake kwanza. Mwenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) apewe uzito wa pekee, kwani kupungukiwa maji huweza kuanzisha maumivu makali. Hata anayebeba kinasaba kimoja tu cha selimundu asijisukume hadi mwisho wa nguvu kwenye joto. Mwenye presha ya macho aulize kuhusu mikao ya kichwa chini.

Kifua kikibana, maumivu yakienda taya au mkono, au moyo ukipiga bila mpangilio, usilale savasana (mkao wa kupumzika chali) kusubiri yapite. Mwambie aliye karibu aite gari.

Ukienda kwa mtaalamu, usiseme tu "niliumia yoga". Mwonyeshe mkao wenyewe, mahali kwa kidole, saa yalipoanza, na kinachoyaamsha nje ya darasa: ngazi, kiti, kukohoa. Na ukiruhusiwa kurudi, anza kwenye chumba kisicho na joto. Kano lililopona nusu, likipata moto, litakuambia limepona lote.